Mgeni Aliyeondoka Bila Kuaga

Nilipokuwa na miaka arobaini na saba nilifunga mlango wa nyumba ya marehemu mama pale Mahongole, nikavaa shanta mgongoni, nikaanza kutembea kwenda Ziwa Nyasa. Sikuwa na kazi huko, wala msiba, wala mganga. Nilitaka kufika ziwani kwa miguu yangu mwenyewe, kisha nifuate ufuko kwenda kusini mpaka Manda, peke yangu, bila mtu wa kumngoja na bila mtu wa kuningoja. Hilo tu. Sidhani niliwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu namna ile.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemuuguza mama miaka kumi na moja. Kiharusi kilimlaza upande mmoja, na mimi ndiye kitinda mimba, binti pekee, tena sikuolewa, kwa hiyo kaka zangu watatu walikubaliana bila hata kikao kwamba kazi ni yangu. Wao walikuwa Dar es Salaam na Dodoma. Jumapili walipiga simu. "Msalimie mama," walisema, nami nilimsalimia, nikamgeuza, nikabadilisha shuka, nikamlisha uji. Siku ya mazishi kaka mkubwa alisimama mbele ya waumini, akamshukuru mchungaji, akaishukuru kwaya, akawashukuru waliochimba kaburi, kisha akasema, "Na dada yetu hapa amemtunza mama vizuri, maana yeye hakuwa na shughuli nyingine." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimeshika birika la maji ya kuwanawisha wageni. Sentensi ile sijaisamehe hadi leo, na sina mpango wa kuisamehe.

Shanta niliinunua mnadani Makambako, katika rundo la mitumba, pamoja na hema la mtu mmoja lililokosa kigingi kimoja. Muuzaji aliniuliza kama ni ya mwanangu aliye jeshini. Nikamjibu kwamba ni yangu. Akacheka, akaniangalia tena, akaacha kucheka. Viatu nilipata vya kiume, vizito, nikavaa soksi mbili mbili. Nilipowaambia kaka zangu kwenye simu kwamba natembea mpaka ziwani, wa kwanza alidhani natania, wa pili akauliza nani atabaki na nyumba, na wa tatu akasema nipumzike kwanza kwa sababu msiba unachanganya akili. Nikazima simu, nikaitia chini kabisa ya shanta, chini ya mchele.

Nilitembea pembeni mwa lami mpaka Njombe siku tatu. Ilikuwa majira ya baridi, asubuhi majani yana umande ulioganda, yanavunjika chini ya kiatu. Malengelenge yalinitoka siku ya kwanza na yakapasuka siku ya pili. Lakini maumivu ya miguu si kitu. Kilichonichosha ni watu. Kwetu hakuna anayetembea kilomita mia mbili kwa kutaka. Mtu mzima anayetembea na mzigo ama amekosa nauli, ama amefukuzwa na mumewe, ama akili imeruka. Bodaboda walipunguza mwendo kando yangu. "Mama, panda, nakupeleka bure." Nikikataa wananifuata hatua kadhaa, wakinihurumia kwa sauti. Wengine waliniuliza kama mimi ndiye mtu wa sensa. Mzee mmoja alinionyesha shamba lake la misindano akidhani nanunua mbao.

Siku ya pili nilichoka kueleza, nikadanganya kwamba naenda msibani. Ndiyo nikaharibu kabisa. Mama mmoja aliyekuwa anachimba viazi aliacha jembe, akaja kunishika mikono yote miwili, akanisalimia kwa Kibena, "Kamwene mama, pole sana, pole," akanilazimisha kuchukua debe dogo la viazi niwapelekee wafiwa. Viazi vya watu sikuweza kuvitupa. Nilivibeba nusu siku nzima mgongoni huku nikijitukana, nikaja kuvigawa kwenye nyumba iliyo jirani na barabara, ambako wakauliza nani kafa.

Kupata pa kulala hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuondoka. Sisi Wabena, na Wapangwa kule mbele ni hivyo hivyo, mgeni hatoki uani peke yake. Anasindikizwa. Mwenye nyumba anamtoa mpaka mahali panapojulikana, kwenye kijito, kwenye njia panda, mwisho wa shamba, na hapo ndipo maneno ya kuagana yanaposemwa. Mgeni akionekana na majirani akitoka peke yake na mzigo wake, watasema nyumba ile imemfukuza, au alilala njaa. Ni aibu inayokaa. Mimi nimelelewa humo humo, nimesindikiza mamia ya wageni wa mama, naijua desturi ile kama ninavyojua kupika ugali. Ndiyo maana sina pa kujificha katika hadithi hii.

Basi kila asubuhi nilipata mtu wa kutembea pembeni yangu. Baada ya Njombe niliiacha lami, nikashika njia ya Ludewa, na hapo ilizidi. Mzee wa kanisa alinisindikiza saa nzima na nusu akinieleza mgogoro wa kwaya mbili. Mume na mke walinisindikiza pamoja, wakiwa wamegombana, kila mmoja akizungumza nami na si na mwenzake. Mwanamke mwenye mimba kubwa alinitoa mpaka kilele cha mlima, akihema, nami badala ya kutembea nikawa namshika mkono na kumtafutia jiwe la kukaa. Nilimwambia arudi. Akasema, "Bado, mama, bado hatujafika." Nilikuwa nimemaliza miaka kumi na moja ya kupunguza mwendo kwa ajili ya mtu mwingine, na sasa barabara nzima ilikuwa imejaa watu wema wanaonipunguzia mwendo. Nilikuwa nawachukia. Nasema hivyo wazi. Niliwachukia kwa wema wao, na usiku nikiwa kwenye vitanda vyao nilipanga jinsi ya kuwakwepa.

Mara moja tu kabla ya ziwa nilipata nilichokuwa nakitafuta. Siku ya tisa, baada ya Mlangali, nilipita mgongo wa mlima usio na nyumba, nyasi fupi pande zote, upepo mkali, na tangu asubuhi mpaka jua la alasiri sikuonana na mtu. Niliimba. Nilikaa nilipotaka, nikala nilipotaka, nikakojoa katikati ya njia kama ng'ombe. Hakuna aliyesema pole. Nilivua shanta nikalala chali na nikagundua kwamba sisikilizi. Miaka kumi na moja sikio langu moja lilikuwa chumbani kwa mama, hata nikiwa sokoni, na sasa lilikuwa limepumzika. Nililia kidogo kwa furaha. Kisha nikainuka nikaendelea.

Siku mbili baadaye, baada ya Ludewa mjini, nilifika kijiji cha mwisho juu ya genge. Mbele yake ardhi inakatika. Milima inashuka ghafla mpaka ziwani, na njia ya miguu inapita ndani ya korongo lenye kuta za mawe pande zote mbili, kijito chini, mawe madogo yanayoteleza. Ilikuwa jioni, jua linazama, nikaona heri nilale juu nishuke asubuhi. Mama mmoja alikuwa anaanua mahindi uani. Akaniona, akaacha ungo, akaja kunipokea shanta kabla sijamaliza salamu.

Alikuwa na umri wa miaka sabini hivi, mjane, watoto wake wako Songea na Makambako. Alifurahi kusikia natoka karibu na Makambako, akaniuliza kama namjua bintiye. Simjui. Goti lake moja lilikuwa limevimba, anatembea akilishika kwa mkono. Alinipikia ugali na maharage na mboga ya maboga, akanipa kitanda chake, yeye akalala jikoni karibu na moto. Nilikataa kitanda, akaniambia nisimtie aibu nyumbani kwake. Wakati wa kula alisema, "Kesho nitakusindikiza mpaka darajani." Daraja hilo ni magogo mawili yaliyolazwa juu ya kijito, chini kabisa ndani ya korongo, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye magoti mazima.

"Hapana mama," nikasema. "Goti lako hilo. Mimi natembea peke yangu, nimezoea."

"Mgeni wangu ashuke kule peke yake? Majirani wataniambia nini?"

"Uniage hapa mlangoni."

Akacheka, akaniongezea mboga. "Utanipa mkono darajani, mwanangu."

Nilimtazama akisimama kwa shida, akiegemea ukuta, na nikayaona yote yatakayotokea asubuhi. Nitamshika mkono. Nitambebea fimbo. Tutashuka hatua kwa hatua, tupumzike kila kona, na saa nne tutakuwa bado korongoni, na tukifika darajani sitaweza kumwacha arudi peke yake, nitapanda naye tena mpaka juu. Ingekuwa siku nzima. Siku moja. Leo nikipiga hesabu hiyo naona haya. Siku ile niliona kama natakiwa kurudi Mahongole kuanza miaka mingine kumi na moja.

Asubuhi palipoanza kupambazuka nilikuta yuko jikoni. Moshi ulikuwa unapenya kwenye nyasi za paa, nikasikia anavunja kuni, na harufu ya viazi vitamu vinachemka. Alikuwa ananichemshia mimi, nile njiani. Nilikunja blanketi vizuri. Niliacha juu ya kigoda sabuni mbili na nusu kilo ya sukari, nikijiambia kwamba hiyo inatosha. Kisha nikapita nyuma ya nyumba, katikati ya mibuni, nikiwa nimeshika viatu mkononi. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, nanyata kama mwizi wa kuku.

Nilivaa viatu kwenye mdomo wa korongo nikaanza kushuka. Ukungu ulikuwa mzito, mawe yana unyevu. Nadhani nilikuwa nimetembea dakika ishirini, labda na tano, niliposikia sauti.

"Mgeni! We mgeni! Subiri!"

Korongo lile linabeba sauti vizuri sana, kila neno lilinifikia. Nilisimama. Mguu mmoja ulikuwa juu ya jiwe, mwingine chini. Akaita tena, safari hii karibu zaidi, na nikajua ameshika njia ya mkato ya mbuzi ili anikute mbele. "Mwanangu, subiri, hujala!" Nikakaza mikanda ya shanta nikaongeza mwendo. Akaita mara ya tatu. Hiyo haikuwa na maneno, ilikuwa sauti tu, fupi, na mawe yakaporomoka kidogo mahali fulani juu yangu. Kisha kimya.

Nikajiambia amekata tamaa, amerudi. Nilijiambia hivyo haraka sana. Nikavuka magogo yale bila kumpa mtu mkono, na nilipofika upande wa pili nilicheka kwa sauti.

Ziwa lilikuwa zuri kuliko nilivyotegemea, na hilo nalo linaniudhi hadi leo. Chini kule joto ni jingine kabisa, nikavua sweta mbili. Nilitembea ufukoni siku ile iliyobaki na kesho yake kutwa. Mahali pengine ni mchanga, pengine unavua viatu unapita majini kuzunguka miamba, pengine unapanda juu ya mawe kwa mikono na miguu. Wanawake walikuwa wanaanika usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye vichanja, wakanisalimia wakaendelea na kazi zao. Nililala kwenye hema langu juu ya kokoto na kigingi changu cha mti. Nilikuwa nimefika. Nilikuwa peke yangu, na bado zilibaki siku nne mpaka Manda.

Siku ya tatu mchana niliingia duka la ufukoni kununua chumvi. Kulikuwa na mwanamume aliyetoka juu na gunia la maharage, ameketi anapumzika, anamsimulia mwenye duka habari za huko. Akasema mama fulani ameanguka korongoni juzi asubuhi, kwenye njia ya mbuzi. Ameteleza na mawe, nyonga imevunjika. Alilala pale mpaka karibu na mchana, walipopita watu wa kwenda mnadani wakamsikia. Walikuta viazi vitamu vimetawanyika chini, na kanga aliyokuwa amevifungia.

"Alikuwa anakwenda wapi na goti lile?" mwenye duka akauliza.

"Alikuwa anamfuata mgeni wake. Mgeni aliondoka bila kuaga."

"Mgeni gani huyo?"

"Nani ajuaye. Kalishwa, kalazwa kitandani, kaondoka bila kuaga." Akatema mate nje ya mlango. "Mama wa watu anamwita, hamsikii."

Nilikuwa nimesimama na chumvi mkononi. Shanta yangu nilikuwa nimeiacha nje, nyuma ya ukuta, kwenye kivuli. Hakuna aliyenitilia shaka, nilikuwa mwanamke tu aliyekuja kununua chumvi. Nikalipa nikatoka.

Nilikaa juu ya mwamba muda mrefu. Ningependa kuandika kwamba kitu cha kwanza kilichonijia ni huruma. Hapana. Ilikuwa hasira, tena kwake yeye. Nani alimtuma? Si nilimkataza? Nilimkasirikia na viazi vyake na majirani zake na aibu yake, nikamkasirikia mama, nikawakasirikia kaka zangu wote watatu mmoja mmoja. Nilipomaliza hao wote nikabaki mimi. Nikawaza pia kwamba hakuna anayenijua jina, na Manda ni kule mbele. Nililiwaza hilo kwa makini, kama mtu anayechagua nyanya. Kisha nikavaa shanta nikarudi nilikotoka.

Kupanda korongo lile kulinichukua saa sita. Karibu na njia ya mbuzi niliona kipande cha kiazi kitamu kimeshikwa na sisimizi. Nilikipita, nikarudi, nikakichukua nikakitupa kijitoni, sijui kwa nini.

Walikuwa wamempeleka hospitali, mbali kidogo, kwa lori la kubebea mbao. Nilifika kesho yake. Muuguzi aliniona nimesimama mlangoni mwa wodi na vumbi langu akauliza, "Wewe ndiye ndugu wa kumuuguza? Tumengoja siku zote hizi." Katika hospitali zetu mgonjwa huja na mtu wake wa kumwogesha na kumpikia, na huyu hakuwa na mtu. Bintiye wa Makambako alikuwa amejifungua hivi karibuni, wa Songea hawapatikani. Nikasema ndiyo, ni mimi.

Aliponiona alilia. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, nilitaka hata anitukane. Akanishika kiganja na vidole vyake vikavu akasema, "Umerudi. Nisamehe mwanangu, sikukufikisha darajani."

Nilikaa naye wiki tano. Nilimgeuza, nikambadilisha shuka, nikamlisha uji. Mikono yangu ilijua kila kitu, haikuhitaji kuulizwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimwambia ana bahati ya kupata mgeni kama mimi, naye akawajibu kwamba watu wa Makambako ndivyo walivyo, wana utu. Daktari alituambia kwamba nyonga ile katika umri ule haitaunga sawasawa. Angeweza kukaa. Labda, kwa magongo, angefika mlangoni.

Siku moja kabla bintiye hajafika kumchukua, nilikuwa namfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto. Alikuwa amelala kwa ubavu, uso ukutani, hanioni.

"Mwanangu," akasema, "siku ile ulinisikia nikikuita?"

Nilikamua kitambaa. Nikakichovya tena, nikakikamua tena.

"Sikusikia, mama."

Akashusha pumzi, mabega yake yakalegea chini ya mkono wangu.

"Nilijua," akasema. "Watu wanasema maneno mengi kule kijijini. Nikawaambia hapana. Nilimpikia, nikakaa naye, namjua. Yule angesikia, angesimama."